Mbegu Zilizokosa Moshi

Watu walimwita Mama Mbegu, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kila baada ya mavuno, kaya kumi na mbili zilimletea mahindi yao bora, yakiwa na maganda, naye akayafunga mawili mawili na kuyatundika kwenye uchaga juu ya mafiga. Moshi uliyapaka weusi, na hakuna mdudu aliyethubutu kuyasogelea. Mvua zikikaribia aliyashusha, akagawa. Miaka kumi na tisa hakuwahi kumpa mtu mbegu mbovu.

Kosa lilikuja na mapenzi. Mwanawe, fundi mwashi, alichoka kumsikia akikohoa, akamjengea jiko la udongo lenye bomba la kupeleka moshi nje. Jiko lenyewe maridadi! Kuni zilipungua nusu, kikohozi kikakoma, majirani wakaja kulitazama kama bibi harusi. Mama Mbegu akavimba kichwa, si utani. Kati ya wote waliolisifia, yeye mwenyewe akiwemo, hakuna aliyeinua macho kutazama uchaga.

Aliinua siku unga ulipomdondokea begani akikoroga uji. Unga mweupe, laini, unatoka juu. Alivuta kiti, akapanda, akabonyeza hindi moja. Likabonyea. Ndani dumuzi walikuwa wamejaa tele, wanakula kwa raha zao. Alishuka akaketi sakafuni, na uji ukafurika asiuone.

Alichambua punje ishirini zilizoonekana nzima, akazifunga kwenye kitambaa kilicholowa aone kama zitachipua, na kukificha ndani ya bakuli. Siku zote za kungoja hakula akashiba. Mawingu yalikuwa yanajikusanya, na kila aliyepita alimwuliza.

"Mama Mbegu, tuje lini?"

"Bado, bado kidogo," alijibu, akijichekesha.

Mwanawe naye alimwona hana raha, akataka kujua kama jiko lina kasoro. "Jiko zuri, baba," alisema, lakini alishindwa kumtazama usoni.

Siku ya tano alifungua kitambaa. Zilizochipua zilikuwa sita.

Alijitanda khanga akaenda nyumba kwa nyumba. Njiani aliomba dua ambayo hakuwahi kuiomba maishani: apatikane mtu mmoja tu asiyemwamini. Awe mchoyo, awe na shaka zake, ilimradi ameficha debe la mbegu chini ya kitanda.

"Hukujiwekea mbegu hata kidogo?" alimwuliza msuka mikeka.

"Nijiwekee ya nini, na wewe upo?" Msuka mikeka alicheka mpaka akaacha kusuka.

Kwa fundi cherehani jibu lilikuwa hilohilo, na kwa muuza maziwa pia. Kote alitoka bila kusema kilichompeleka.

Ikabaki nyumba ya wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Huyu hakuwahi kumsifia hata siku moja: mara chai yake nyepesi, mara ufagio wake haufiki pembeni. Kama kuna mtu wa kumtilia shaka, basi ni huyu.

Alimkuta anapepeta mchele. Hakungoja hata kukaribishwa.

"Wifi, mbegu zimeliwa. Nilipeleka moshi nje, nikazisahau. Mimi najua huniamini. Niambie tu umeficha zako, nitakushukuru mpaka naingia kaburini."

Wifi aliuweka ungo chini.

"Kukusema nakusema, na kesho nitakusema tena," alisema. "Lakini mbegu zote nilikuletea wewe. Hata mahindi ya kula nilipunguza, nikakuletea yawe salama kwako."

Mama Mbegu akaangua kilio. Angetukanwa, angeona nafuu.

Wifi alimwacha alie, kisha akamshika mkono. "Basi. Mvua haitatungoja. Twende tuwaite wote waje, tuchambue punje moja moja, zilizo hai tuzipande."

"Nitawaambiaje?"

"Kama ulivyoniambia mimi."

Wakatoka pamoja, matone ya kwanza yakianguka vumbini. Msuka mikeka ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwaona. Aliwapungia mkono akicheka, akakimbilia ndani kuchukua kapu lake la mbegu.