Mama Sosi wa Kapsoit

Huku kwetu nyama haipakwi kitu. Nyama ni moto na chumvi, basi. Mwekee mzee wa Kikipsigis sahani ya mbuzi choma iliyopakwa rojo jekundu, ataiangalia kwanza, halafu atakuangalia wewe, kisha atakuuliza huyo mbuzi alikuwa akiumwa nini. Edinah Chepyegon alizaliwa Kedowa, akalelewa na wazee wa aina hiyo hiyo, kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba hakujua. Alikuwa na kila sababu ya kujua. Alichokosa ni hamu ya kujua, na hilo ni kosa lingine kabisa.

Aliolewa Kapsoit na Kipkurui, dereva wa lori la majani chai, mwanamume mpole ambaye hata akikasirika alikuwa anacheka kidogo. Mvua ikanyesha, barabara ikateleza, lori likapinduka, na Edinah akabaki na kashamba ka chai, ng'ombe mmoja wa maziwa na msichana anayeitwa Nelvine. Kwenye mazishi, ndugu mdogo wa marehemu, Kimeli, alisimama mbele ya wazee na kusema nyumba ya ndugu yake haitalala njaa angali hai. Kimeli alikuwa na bucha pale Kapsoit, na nyuma ya bucha jiko la nyama choma. Watu walimpigia makofi hapo hapo makaburini. Edinah alilia siku hiyo kwa mambo mawili, na moja lilikuwa shukrani.

Kufundishwa jamu, alifundishwa na jirani yake Bosibori. Huyu ni mama wa Kikisii aliyezaliwa katika kambi ya wachumaji wa chai, akachuma majani mpaka mashine zikaletwa, na sasa anauza mboga sokoni. Mwanawe wa kwanza ni Kebaso, kwa hiyo Edinah humwita Mama Kebaso, naye humwita Mama Nelvine. Bosibori alikuwa amefundishwa kutengeneza jamu na kina mama wa kanisa, na akaona ni ujinga mapera yaanguke kwenye ua na kuliwa na mbuzi wakati mjane yuko hapo na sufuria.

Mapera huku hayana mwenyewe. Unayaokota yakiwa yameiva vizuri, unayachemsha mpaka yavurugike, unayapitisha kwenye chujio ili mbegu zibaki, halafu unaweka sukari na ndimu na unakoroga mpaka mkono ukatae. Sasa Edinah, sukari ikiwa imepanda bei, aliibania. Jamu ikakataa kushika. Bosibori alipokuja kuiona alicheka mpaka akaketi chini.

"Mama Nelvine, hii utainywa na kikombe."

Edinah hakuwa mtu wa kumwaga chakula. Aliirudisha motoni na nyanya, vitunguu saumu, tangawizi, pilipili, chumvi na siki. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna kitabu kingemwambia afanye. Alichukua kijiti cha senetwet, ule mti ambao mkaa wake tunaupaka ndani ya kibuyu ili maziwa ya kuganda, mursik, yasiharibike, akakichoma mpaka kikawa kaa jekundu, akakizima ndani ya sufuria. Moshi ulijaa jikoni. Bosibori alilamba mwiko, akalamba tena.

"Nani amekufundisha hii?"

"Njaa," Edinah akasema.

Alimpelekea Kimeli chupa moja ya sosi hiyo, kwa heshima tu, kama mtu anavyompelekea shemeji yake kitu. Kimeli alichovya kidole, akaonja, akanusa ile chupa kwa muda. Akasema alete yote. Wiki iliyofuata akasema alete mtungi. Edinah alikwenda nyumbani akiimba njia nzima, na alikuwa mtu ambaye hakuwa ameimba tangu mazishi.

Basi akawa Mama Sosi. Watu wa boda boda walimwita hivyo, mama wa posho mill akamwita hivyo, na Jumapili moja mchungaji mwenyewe akalitaja jina hilo kwenye matangazo, kanisa likacheka vizuri. Labda wewe unaona ni jina la mzaha. Mtu aliyekuwa akiitwa "mjane wa Kipkurui" ama "yule wa lori" haoni mzaha hapo. Lilikuwa jina alilolipata kwa mikono yake, na alilipenda kuliko alivyoweza kukiri hata kwa Bosibori. Nelvine naye akaingia chuo cha uuguzi, na karo ilitoka ndani ya sufuria hiyo.

Sosi ilikuwa ikipelekwa Jumamosi. Mwezi wa nane mapera yalikuwa mengi kupita kiasi, Edinah akapika zaidi, akaona aipeleke katikati ya wiki. Alipitia mlango wa nyuma. Mchomaji, Clifford, mtu mzima na watoto wake, alikuwa ameinama juu ya beseni la plastiki. Ndani mlikuwa na nyama nyeusi nyeusi yenye kuteleza, na harufu yake ilimfikia kabla hajaweka mtungi chini. Hakuna kipande kilichokuwa na mhuri wa daktari wa mifugo. Clifford alikuwa akiimwagia sosi na kuisugua kwa mikono miwili.

"Clifford, hiyo nyama ni ya nini?"

"Ya watu, mama."

"Imeoza."

"Imekaa kidogo," Clifford akasema, bila kumwangalia. "Ikilala kwa sosi, asubuhi husikii kitu. Hiyo moshi yako ni kali."

Kule mbele mguu mzuri wa mbuzi ulikuwa umening'inia, mweupe kwa mafuta, na mhuri wake. Mwalimu mmoja alikuwa anakatiwa mbavu. Kimeli alizitupa kwa moto na chumvi, na hakugusa sosi. Edinah alisimama pale akiangalia mbele na nyuma, na aibu ikampanda hadi masikioni.

Alimngoja shemeji yake amalize. Wakaongea nyuma, karibu na lile beseni.

"Shemeji, unapata wapi hiyo?"

"Ng'ombe wa watu wanakufa kila siku. Mtu akipoteza ng'ombe, apoteze na nyama?"

"Na sosi yangu ndiyo unafunikia?"

Kimeli alifuta kisu kwa kitambaa. Hakuwa mtu wa kelele. "Shemeji, wewe ni Mkipsigis kama mimi. Kizuri chajiuza. Nyama nzuri nitaiweka sosi ya nini? Nani hapa Kapsoit angenunua sosi ya mapera? Nilichukua kwa sababu nilikuwa na kazi yake, na kwa sababu wewe ni wa ndugu yangu."

"Watu wanaisifu."

"Wanaisifu, ndiyo. Na wanamaliza sahani." Akarudisha kisu mahali pake. "Bucha ikifungwa, huyo msichana atasoma na nini? Fikiria kwanza, halafu urudi uniambie."

Edinah alifikiria. Ah, alifikiria sana! Alijiambia moto unaua kila kitu. Alijiambia wanaokula pale ni wapita njia, madereva wa malori, watu wenye matumbo ya chuma. Alijiambia akiacha kupika, Kimeli atatafuta kitu kingine cha kufunikia, kwa hiyo yeye kuacha kutamsaidia nani? Akajiambia amalize tu muhula wa Nelvine. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno, na haya yake yalikuwa na sura ya busara kabisa. Jumamosi alipeleka mtungi. Jumamosi iliyofuata pia. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba hakuonja tena alipokuwa akikoroga.

Sasa Bosibori hakuwa mla nyama wa kila siku, nani anaweza? Lakini alikuwa na mjukuu, Atuti, aliyekuwa akimlea, na mboga zikinunuliwa vizuri alikuwa akimpeleka bucha ya Kimeli wakale kidogo. Alienda pale kwa sababu moja tu, sosi ilikuwa ya rafiki yake. Hata alikuwa akiwaambia watu wa meza nyingine, "Hii imepikwa na jirani yangu, mimi nilikuwepo siku ya kwanza." Mwezi wa tisa alikuja kwa Edinah akiwa na uso wa wasiwasi. Mtoto alikuwa amehara siku nzima na usiku, anatapika hata maji.

"Sijui amekula nini, Mama Nelvine. Tulikula nyama juzi pamoja, mimi niko sawa isipokuwa tumbo linanguruma kidogo."

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Neno lilikuwa mdomoni. Edinah aliangalia sufuria yake iliyokuwa motoni, akasema, "Itakuwa ni maji. Mvua ikianza hivi mto unabeba kila uchafu. Uchemshe maji, Mama Kebaso."

Akampa glukosi iliyokuwa kabatini, akampa na maziwa kwa kibuyu. Alimpa vitu vingi siku hiyo, na kila alichompa kilikuwa mahali pa kile alichokataa kumpa. Atuti alipona. Edinah alimshukuru Mungu kwa magoti, na Jumamosi akapeleka mtungi.

Mwezi wa kumi, Jumamosi moja, bucha ikiwa imejaa watu wa soko, aliingia na mtungi akamkuta Bosibori mezani. Atuti alikuwa amevaa sweta mpya ya shule. Clifford ndiyo kwanza alikuwa anaweka sahani, nyama imeng'aa kwa sosi. Bosibori alimwona, akainua mkono. "Njoo ukae na sisi! Huyu ameongoza darasa." Mtoto alikuwa tayari ameshika kipande.

Edinah mwenyewe hawezi kueleza kilichomtokea. Aliweka mtungi chini, akavuka, akamnyang'anya mtoto kile kipande mkononi.

"Msile. Hii nyama ni ya mzoga. Hakuna iliyo na sosi hapa ambayo ni nzima."

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, lakini bucha yote ilisikia. Mtu mmoja alitema. Mwingine aliuliza, "Mama Sosi, unasema nini?" Kimeli alikuwa amesimama na panga mkononi, uso wake umepauka. Alimwambia Edinah kwa Kikipsigis, polepole, kwamba leo amemzika Kipkurui mara ya pili.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Watu wa afya walikuja, bucha ikapigwa kufuli. Wazee wa ukoo walikaa, na hawakukaa kuzungumza juu ya mzoga. Walizungumza juu ya mke aliyechoma nyumba ya ndugu wa mumewe mbele ya soko. Mama mkwe alituma mtu kuchukua kibuyu cha maziwa alichompa alipoolewa. Nelvine alipiga simu akasema ameambiwa arudi nyumbani mpaka karo ipatikane, na hakuuliza ni kwa nini, kwa sababu alikuwa ameshaambiwa. Edinah alipika jamu yenyewe, safari hii ikashika, akajaribu kuiuza mlangoni mwa kanisa. Kina mama walimsalimia kwa heshima wakapita. Nani ataonja kitu cha Mama Sosi? Jina lilibaki, ila sasa lilitamkwa kwa namna nyingine.

Alivumilia haya yote kwa sababu ya jambo moja. Alijua kuna nyumba moja Kapsoit ambako amefanya jema. Alikuwa ameokoa mtoto, na bibi yake alikuwa ameona kwa macho. Aliposikia mlango wa ua ukifunguliwa jioni na kumwona Bosibori, alitoka akijipangusa mikono, na machozi yalikuwa karibu.

"Karibu ndani, Mama Kebaso."

Bosibori hakuingia. "Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Ulijua lini?"

Angeweza kusema siku ile ile. Angeaminiwa. Alikuwa na huyu mtu mmoja tu duniani, na uongo wenyewe ulikuwa mfupi.

"Mwezi wa nane," akasema.

Bosibori alisimama akihesabu moyoni, na Edinah akamwona alipofika mwezi wa tisa. Hakupaza sauti.

"Mimi nimechemsha maji mpaka leo," akasema. "Kuni zote zile. Nilikuwa nikimchapa mtoto akinywa maji ya mtungi yasiyochemshwa."

Afadhali angemtukana. Edinah alikuwa na majibu ya matusi. Bosibori alifunga mlango wa ua vizuri, kama jirani anavyofunga, akaenda zake. Bado wanakaa hapo, ua mmoja katikati, na wakikutana njiani anamsalimia. Anamwita Mama Sosi, kama watu wengine.