Inchi Mbili za Wifi

Wifi yangu alivunjika mgongo kwa chafya. Sisemi kwa mzaha. Alikuwa kwenye cherehani anaunga mkono wa gauni, vumbi la kitambaa kipya likampanda puani, akapiga chafya moja ya haja, kisha akabaki ameinama vilevile kama mtu anayetafuta sindano chini. Nikamwambia, afya, wifi. Nilipoona jasho limemtoka juu ya mdomo ndipo nikajua hapa kuna jambo.

Lakini nianze na ugomvi, maana ugomvi ndio uliotangulia. Sisi wawili tuna duka moja la ushonaji. Yeye anakata na kushona, mtaa mzima unamwita Fundi. Mimi, niliyeolewa na kaka yake, ni wa kumalizia: matundu ya vifungo, vifungo vyenyewe, na mapindo. Sasa kwa karibu miaka miwili kila gauni alilojishonea lilikuwa linaburuta chini. Kwanza akasema kitambaa kinavutika. Akahamia kwenye futi kamba, akatupa mbili nzima kabisa, eti zimelegea. Vitambaa na futi vilipokwisha kutukanwa, nikabaki mimi. Akaniambia mbele ya wateja kwamba siku hizi mapindo yangu hayaaminiki.

Mapindo yangu! Nimepinda nguo za mtaa huu tangu nikiwa bibi arusi, hakuna aliyewahi kujikwaa. Gauni moja la kijani nililifumua mara tatu, na kila nilipolifumua nilikuwa namsema kimoyomoyo maneno ambayo sitayarudia hapa.

Na tazama kichekesho chenyewe. Dukani kwetu hakatiwi mtu nguo kwa kukumbuka. Hata mteja wa kila mwezi lazima asimame apimwe upya, kwa sababu Fundi husema mwili haukai mahali pamoja. Wako waliokasirika wakaondoka, yeye hakujali. Ila Fundi mwenyewe hapimwi. Vipimo vyake viko ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa wino mwekundu, bega mpaka kifundo inchi hamsini na nne, ameviandika mwaka aliofungua duka. Kwa vipimo hivyo ndivyo amejikatia nguo zake zote tangu siku hiyo. Mganga hajigangi, walisema waliosema.

Basi baada ya ile chafya nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, asiye na maneno mengi. Akamsimamisha Fundi ukutani kwenye kipimo cha urefu, akatazama kadi yake ya zamani, akatazama tena ukuta. Akasema amepungua urefu kwa sentimita tano.

Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililosikia moyoni ni furaha. Inchi mbili! Mapindo yangu yalikuwa sawa! Nilitaka nirudi mbio nikawaambie wale wateja. Halafu nikamwona Fundi anaitazama miguu yake mwenyewe kama ya mtu mwingine, furaha ikaniishia, nikaona haya.

Fundi ana baridi yabisi, ile ya kuvimbisha viungo, mwaka wa tisa huu. Asubuhi vidole vyake huwa havikunjiki, mpaka saa nne ndipo anaposhika mkasi. Kilichomweka kazini ni vidonge vya steroidi vya kutuliza uvimbe. Bila hivyo hatungekuwa na duka. Daktari akaeleza kwamba uvimbe wenyewe unakula mifupa, na vidonge vinavyotuliza uvimbe navyo, vikinywewa miaka, vinakula mifupa. Kikulacho ki nguoni mwako. Picha ilionyesha mfupa mmoja wa uti wa mgongo umesagika kwa ile chafya, na majirani zake wamekuwa wakibonyea polepole kwa miaka. Akaonya steroidi zisiachwe ghafla, mwili utaanguka. Zitapunguzwa polepole huku dawa nyingine ya viungo, kidonge cha mara moja kwa wiki, ikiongezwa. Ila mifupa inataka dawa yake.

Njia zilikuwa tatu, akaziandika kwenye karatasi. Kidonge cha mara moja kwa wiki, tumbo likiwa tupu, kwa maji mengi, kisha ukae wima nusu saa bila kulala. Sindano ya kila miezi sita, nzuri, lakini isicheleweshwe, maana ukiiruka mifupa hulegea kwa kasi na mgongo unaweza kuvunjika tena. Au dripu ya mara moja kwa mwaka, ila kwanza zipimwe figo na meno yaliyooza yashughulikiwe, na ategemee homa ya siku mbili tatu.

"Sikuchagulii," daktari akasema. "Zote zinafanya kazi. Chagua utakayoweza kuishi nayo. Lakini usikae sana, mama. Mfupa mwingine ukienda, huenda usikae tena kwenye cherehani."

Fundi akaikunja ile karatasi akaitia kwenye mkoba. Ingebaki humo tungeokoka na mengi.

Mume wangu ni mtunza bohari mstaafu. Amehesabu magunia ya watu miaka thelathini, na alipostaafu hakukuwa na cha kuhesabu tena ila sisi. Nyumbani tunamwita Mwenyekiti. Wakati ule alikuwa anaongoza kamati ya harusi ya binti wa Fundi, inakutana sebuleni kwetu kila Jumapili. Akamwomba dada yake ile karatasi aisome. Kesho yake ilikuwa na nakala nane, na mgongo wa Fundi umekuwa ajenda. Ajenda namba sita, Mengineyo, baada ya vipaza sauti.

Jumapili ya kwanza hatukufika namba sita. Rangi ya mapambo ilikula saa tatu nzima.

Jumapili ya pili tukafika. Mama mdogo wao akasimama akasema dawa ni maziwa, na kwamba enzi zake hakukuwa na mifupa ya namna hii. Akafuata mdogo wao wa mwisho, tunamwita Profesa kwa sababu hajawahi kumaliza kitabu ila simu anaimaliza chaji mara mbili kwa siku. Alikuwa amefanya utafiti. Kidonge, akasema, kinachoma koo. Sindano inavunja mgongo. Dripu inaozesha taya. Nikamuuliza, na kutotumia dawa yoyote kunafanya nini? Akasema hapo mtandao ulikata.

Mwenyekiti aliipenda sindano. Miezi sita, alisema, ni kama kuhesabu mali ya bohari, unaweka alama kwenye kalenda na kazi imekwisha. Fundi, aliyekuwa kwenye kiti kirefu na mto mgongoni, akauliza kwa sauti ndogo itakuwaje siku yake ikifika aambiwe dawa haijaletwa. Kaka yake akamwelekeza aongee kupitia kiti, yaani kiti chake yeye Mwenyekiti. Maskini, alikuwa hata hawezi kugeuka kukitazama hicho kiti.

Mwisho wakakubaliana kwamba jambo ni zito na linahitaji muda. Na ili mwili upumzike wakati kamati inatafakari, Mama mdogo akatoa hoja Fundi aache zile steroidi kuanzia usiku uleule, kwa kuwa ndizo zilizoleta balaa. Ikaungwa mkono. Mimi ndiye niliyekuwa naandika kumbukumbu. Nilikuwa hospitalini, nilimsikia daktari kwa masikio yangu. Nikasema hapana, kaambiwa asiache ghafla, Mwenyekiti akasema hoja imeshapita. Basi azimio lile sikuliandika. Nilifunga kalamu, nikaenda nikamletea Fundi vidonge vyake na maji, nikasimama mpaka akameza. Hilo ndilo jambo pekee la maana nililolifanya katika kamati ile, nami nalitaja kwa sababu hakuna atakayelitaja.

Baada ya hapo Fundi akanyamaza. Jumapili zikapita, mgongo ukaahirishwa kwa ajili ya viti, halafu kwa ajili ya keki. Wiki moja shavu lake lilivimba, akanywa uji tu. Tulimuuliza, akasema ni upepo. Siku nyingine alitoka asubuhi akasema anakwenda kununua nyuzi, akarudi saa nane bila nyuzi. Niliona, nikafikiri ni mambo ya harusi. Kumbe.

Ikaja Jumapili ya kura. Mwenyekiti alikuwa amevaa miwani ya kusomea na shati la kola. Akasoma njia zote tatu kwa sauti, akaongeza ya nne, maziwa, kwa heshima ya Mama mdogo. Fundi akanyoosha mkono. Mwenyekiti akaeleza kwa upole kwamba mgonjwa hapigi kura kwa kuwa ana maslahi binafsi katika suala hili. Nawaapia, ndivyo alivyosema. Akamkumbusha na methali, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Kaka," Fundi akasema, "mimi nimesikia ya wakuu wote, na kilichovunjika ni mgongo."

Akafungua mdomo akavuta shavu kwa kidole. Gego moja la nyuma halikuwapo, na pengo lilikuwa limekwisha kupona.

"Nimeling'oa siku nyingi. Figo nimepima, ziko vizuri. Alhamisi nawekewa dripu. Vidonge vya wiki sivitaki, tumbo langu limechoka, na kidonge cha wiki cha viungo ninacho tayari, siku moja nitavichanganya. Sindano ya miezi sita inataka watu wasiochelewa, na mimi nina ninyi."

Profesa akatazama simu. Mama mdogo akauliza kama maziwa nayo yamekataliwa, Fundi akamwambia hapana, hayo atayanywa. Mume wangu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akanielekeza niandike kwamba kamati imepokea taarifa. Nikaandika. Miaka ishirini na sita ya ndoa, sijawahi kumpenda dada yake kama nilivyompenda dakika ile.

Alhamisi nilikwenda naye. Dripu yenyewe haikumaliza nusu saa. Safari yote hiyo, vikao vyote vile, na kumbe ni jambo la kukaa kwenye kiti huku unasinzia. Homa ilikuja kama daktari alivyosema, siku mbili mwili ukamuuma kila kiungo, nami nikalala chumbani kwake. Profesa akatuma ujumbe kwamba yeye alisema. Siku ya tatu Fundi akaamka, akataka uji na mkasi.

Gauni lake la kuvaa kwenye harusi ya binti yake, la buluu, lilikuwa limening'inia dukani tangu kabla ya chafya. Alilikata kwa vipimo vya wino mwekundu, kama kawaida. Akalivaa, akasimama mbele ya kioo, likaburuta. Nikasubiri anilaumu, kwa mazoea. Akatoa futi kamba shingoni akanipa.

"Nipime," akasema.

Hajawahi kupimwa na mtu mle dukani. Nikapima mara mbili. Hamsini na mbili. Akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akapiga mstari juu ya hamsini na nne, akaandika kipimo kipya pembeni kwa mwandiko wa vidole vilivyovimba. Nikapiga magoti nikaanza kubana pini. Nikamuuliza kama nimwachie pindo pana ndani, kama tunavyowaachia watoto wa shule, huenda dawa ikamrudisha.

"Kata," akasema. "Zilizokwenda hazirudi, wifi. Dawa ni ya kulinda zilizobaki. Mwaka kesho nikimaliza dripu ya pili nipime tena, na ukikuta nimepungua hata robo inchi, niambie mimi kwanza, usiiambie kamati."

Nikakata. Kipande cha buluu kikaanguka sakafuni.

"Na mapindo yako yalikuwa sawa," akasema. "Yalikuwa sawa siku zote."

Nikaendelea kubana pindo. Nilikuwa na pini tatu mdomoni, na nashukuru nilikuwa nazo.