Vichupa Vinne

Tulikuwa watoto wanane nyumbani kwetu Kamina, bila kumhesabu dada mkubwa aliyekuwa Ubelgiji. Dada na wengine wanne walizaliwa na Mama. Sisi wanne tuliobaki tulizaliwa na mdogo wa Mama, aliyefariki nikiwa sijaota meno yote. Mtaa mzima ulijua, na hakuna aliyethubutu kulitamka jambo hilo mbele ya Mama. Jirani mmoja alituita mayatima siku moja. Mama aliacha kumsalimia, hata kanisani, kwa miaka sita.

Vita ilikuwa imepamba moto na Base, kambi ya kijeshi yenye uwanja wa ndege, ilikuwa imejaa wanajeshi wakati barua ya dada ilipofika kwa ndege ndogo ya misheni, pamoja na vichupa vinne vitupu. Dada alikuwa na kansa ya damu. Madaktari walitaka kumwekea uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, kutoka kwa mtu ambaye damu yake inafanana na yake. Mpima damu wa hospitali alitueleza kwamba kundi la damu peke yake halitoshi. Kila mtoto ana alama zake, nusu kwa baba, nusu kwa mama, na wa tumbo moja huenda wakachukua nusu zilezile, kwa bahati. Nje ya hapo ni vigumu mno.

"Sababu gani tube iko ine tu?" Mama aliuliza, akivihesabu vile vichupa.

"Binti yako njo alisema vile, Mama. Baba moja, mama moja," mpima damu alijibu, akiionyesha barua.

"Kule Bulaya balimufundisha kuhesabia bandugu," Mama alisema. Siku ile hasira yake ilizidi machozi.

Asubuhi ya siku ya kuondoka kwa ndege alitupeleka sote wanane maabara. Nilidhani atakataa kuchagua. Hakukataa, binti yake alikuwa anakufa. Lakini hakumwambia mtu akae pembeni. Mmoja wetu sisi wanne wa mdogo wake alipewa pamba ashike. Mwingine akatumwa kuchota maji. Wa tatu akaambiwa alinde baiskeli, kana kwamba Kamina nzima ilikuwa inaitamani baiskeli isiyo na breki. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi.

"Weye njo utaandika majina," akaniambia. "Muandiko yako iko muzuri."

Nikavimba kichwa. Nilipobandika jina la nne ndipo nilipoona kwamba hakuna kichupa kilichobaki. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na niliona wivu kama mtoto aliyenyimwa andazi. Nilimwonea wivu hata kaka yangu aliyezimia alipoiona sindano.

Majibu yalichukua wiki nyingi, maana ndege iliruka pale tu wanajeshi waliporuhusu. Kati ya wale wanne, hakuna aliyefanana na dada.

Mama aliisoma barua ya majibu mara mbili, akavaa viatu vyake vya kanisani, akatuchukua sisi wanne mpaka maabara.

"Papa, bado niko na bane," alimwambia mpima damu.

Mzee wa watu alinitazama, kisha akatazama chini. "Mama, dokta alitaka ba mu tumbo yako."

"Bale ulibapima, ukakosa. Sasa pima na aba. Aba nao beko batoto yangu," Mama alisema, akitusogeza mbele.

Mzee angeweza kumweleza Mama upya habari ya zile nusu. Hata mimi ningeweza, nilikuwa nimezielewa vizuri. Vichupa maalumu havikuwepo, kwa hiyo mzee alichemsha vile vilivyokuwa na dawa za sindano. Mama akanikalisha wa kwanza. Akanikunjia mkono wa blauzi yeye mwenyewe, akanishika bega mpaka sindano ikatoka.

Damu yetu haikufika Ubelgiji. Dada alifariki kabla ndege haijarudi Kamina. Nilimlilia, na mpaka leo namlilia. Lakini pale kwenye kiti, nikijua wazi kwamba damu yangu haitamsaidia, na dada yangu akiwa anakufa, nilikuwa na furaha.