Majina ya Nyumba Yangu Kwanza

Mimi si mtu wa kushangazwa na jambo. Vita vya Uganda nilivivuka na baiskeli moja na mke mmoja, mabomu yakidondoka upande wa Bukoba na sisi tukikimbilia kusini na godoro kichwani. Niliporudi nilikuta majani yamefunika mibuni mpaka njia ya kwenda chooni haionekani, nikaanza upya. Elimu yangu ni darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza. Lakini chumvi niliyokopeshwa na Mhindi mmoja wa Bukoba, ambaye hakuniomba hata shahidi, niliigeuza kuwa samaki wa kisiwa cha Bumbire, samaki nikawageuza kahawa, na kahawa nikaigeuza mashine ya kukoboa, ya kwanza katika kata yetu ya Muleba. Ndiyo maana mpaka leo watu wananiita Bwana Mashine. Wako waliosoma hadi wakaota mvi, na hawana mashine.

Baada ya vita ukaja ule ugonjwa. Kwetu tuliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo kutoka Uganda, kwa sababu walioanza kufa ni vijana wa biashara waliokivaa. Tulizika mpaka mbao zikaisha kwa seremala, akaanza kung'oa milango ya maghala. Kaka yangu alikufa, mkewe akamfuata kabla nyasi za matanga hazijaondolewa sakafuni. Waliacha watoto wawili. Niliwachukua siku ileile, na aliyethubutu kunipa pole nilimjibu, "Kwangu hakuna yatima. Mimi ndiye baba yao." Nililisema hilo sokoni, kanisani, hata mashineni, bila kuulizwa.

Rafiki yangu wa kubeba magunia naye alikufa. Aliacha binti wa darasa la sita na wadogo zake wawili, peke yao katika nyumba ya udongo katikati ya kibanja cha migomba. Binti yule alikuwa anaamka alfajiri, anapika, anawaogesha wadogo zake, kisha anakimbia shule. Mchango wa shule alikuwa halipi, kwa sababu balozi wa nyumba kumi alikuwa amemwandikia barua kwamba hana uwezo. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda wakati huo: ukimjua balozi, barua ipo, ukikosana naye, mwanao anarudishwa nyumbani.

Halafu vikaja vyama vingi. Balozi akabaki mtu wa chama chake, na serikali ikasema misaada ya wananchi isipite tena mkononi mwa mtu wa chama. Barua zote za zamani zikafutwa. Kila kijiji kichague kamati, kamati ipite nyumba kwa nyumba, iandike watoto waliofiwa wasio na uwezo, na majina yasomwe hadharani ili pasiwe na upendeleo. Mimi nilisema hayo ndiyo mageuzi! Nilichaguliwa mwenyekiti wa kamati. Wengine watasema ni kwa sababu nilikuwa na mabenchi ya kukalia wajumbe. Waseme.

Kwa wiki mbili nilizunguka kwa miguu, daftari kwapani. Niliandika watoto thelathini. Siku ya mkutano akaja afisa wa ustawi wa jamii kutoka mjini, dada mmoja mwembamba mwenye viatu vya kamba, akakaa mezani uwanjani pale shuleni. Nikasimama, nikakohoa kama padri, nikasoma jina la kwanza: la yule binti.

"Keti kwanza, Bwana Mashine."

Alikuwa mzee wa ukoo wa yule binti, babu yake mdogo, mtu mwenye kanzu moja na maneno mengi.

"Huyo unayemsoma ni wa nani?"

"Ni wa marehemu rafiki yangu, mzee."

"Sikukuuliza nani amekufa. Nimekuuliza mtoto ni wa nani. Ni wetu! Siku ya kumaliza matanga tulimtaja musika, akakalia kigoda cha marehemu, nawe ulikuwepo, ulikula nyama yetu. Leo unasimama mbele ya koo zote kutangaza kwamba tumemtupa?"

Musika kwetu ni mrithi. Ukoo ukishamkalisha kwenye kigoda, yule aliyekufa ana mtu mahali pake, na watoto wana baba. Ni kweli nilikula nyama. Lakini musika huyo alikuwa baba mdogo aliyeondoka kwenda Mwanza wiki ileile, na tangu hapo hakutuma hata sabuni.

"Mzee," nikasema, "baba wa Mwanza hapiki chakula cha jioni."

Watu wakacheka, nami nikadhani nimeshinda. Kumbe nimeuwasha moto. Mama mmoja akasimama: "Na wa kwetu mfute." Mwingine: "Futa wetu wote wanne, sisi si ombaomba." Nikawa nafuta kama mwalimu anayefuta ubao. Jua lilipoelekea kutua yalibaki majina matatu tu, ya watoto wa kibarua mmoja aliyetoka Burundi, ambao hawakuwa na ukoo hapa wa kuona aibu.

Dada wa ustawi akatazama karatasi. "Watatu? Kijiji kizima?"

"Dada, wapo. Wamefichwa na koo zao."

"Mimi siwezi kupeleka watoto waliofichwa, Mwenyekiti. Nitarudi Ijumaa. Baada ya hapo orodha inafungwa."

Kesho yake asubuhi yule binti alikuja mashineni. Hakuwa na kahawa ya kukoboa.

"Baba, mwalimu mkuu amesema barua ya balozi haina kazi tena. Shule ikifunguliwa nisirudi bila mchango."

"Babu yako anasemaje?"

"Amesema Jumamosi naenda Bukoba. Kuna mtu anataka wa kumlelea mtoto." Akatazama mkanda wa mashine ukizunguka. "Wadogo zangu watagawanywa. Mmoja kwa shangazi, mmoja sijui."

Ningeweza kumlipia yeye peke yake na kumaliza. Nilitia mkono mfukoni, kweli. Lakini nilijua babu yake angerudisha hela mchana huohuo, mbele za watu, na binti angeondoka Jumamosi vilevile. Ukoo ulioona aibu haukubali mfuko wa mtu. Jina lake lilipaswa kuingia katika orodha, kwa ridhaa ya mzee, kabla ya Ijumaa. Nikazima mashine. Wateja walilalamika, nikawaambia wakakoboe kwa meno.

Mzee nilimkuta anapogoa migomba. Aliniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama adabu inavyotaka, nikachukua punje mbili. Tulitafuna pamoja. Kisha nikamweleza: serikali haimnyang'anyi mtoto, haigusi kibanja, haimwondoi musika. Inamwacha tu mtoto asome na atibiwe bila kudaiwa.

"Nimeelewa tangu siku ile," akasema. "Unadhani mimi mjinga?"

"Sasa kwa nini, waitu?" nikamuuliza, kwa neno letu la heshima.

Akatema maganda. "Mwanangu, kwako wako watoto wangapi wa kaka yako?"

"Wawili."

"Umewaandika?"

Nikachukua punje nyingine ya kahawa.

"Hukuwaandika. Kwako hakuna yatima, tunasikia kila Jumapili. Kwetu sisi ndiko kuna mayatima, sivyo? Wa kwako wana baba, wa kwetu wana vigoda. Waandike wako kwanza, uwasome kwa sauti ileile uliyomsomea wangu. Halafu njoo uniulize."

"Lakini mimi nina uwezo, mzee. Orodha ni ya wasio na uwezo."

"Hilo mwambie dada wa viatu vya kamba. Mimi nataka kusikia sauti yako."

Nyumbani nilimsimulia mke wangu nikitegemea atakasirika kwa niaba yangu. Alikuwa anamenya ndizi. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Kumbe dawa ni chungu ukiinywa mwenyewe!"

"Nitachekwa, mama watoto."

"Utachekwa. Na wale watoto wa kaka yako unajua wanaitwaje shuleni tangu uanze kutangaza? Wanaitwa wana wa Mashine. Hawawezi hata kumtaja baba yao, wanaogopa utaona wivu. Nenda kasome majina yao."

Hilo sikulijua. Nilikaa na daftari mpaka chakula kikapoa, nikiandika mistari miwili. Niliifuta mara moja, nikaiandika tena kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Ijumaa uwanja ulijaa, maana habari ilishavuja. Watu walikuja kuniona mimi. Nikasimama. Sikukohoa safari hii. Nikasoma jina la mkubwa, jina la mdogo, nikasema: "Watoto wa marehemu kaka yangu. Baba yao amekufa, mama yao amekufa. Ni yatima, na wanakaa kwangu. Mimi ni baba yao mdogo." Nyuma mtu akasema, "Leo mashine imezimika!" na wengine wakaangua kicheko. Niliwaacha wacheke mpaka wakachoka. Wale watoto wawili walikuwa wamesimama kando ya mke wangu. Mkubwa alikuwa ananitazama usoni, bila kuinama.

Mzee akainuka taratibu, akashika ncha ya kanzu yake.

"Andika wangu," akasema. "Yule binti na wadogo zake. Andika na jina la baba yao, vizuri, lisikosewe."

Basi koo nyingine nazo zikaja. Yule mama aliyesema wao si ombaomba alisimama wa nne. Jioni daftari lilikuwa na watoto thelathini na wawili, wawili wa kwangu wakiwamo. Dada wa ustawi akapitia kila jina, kisha akapiga mstari juu ya wale wangu.

"Hawa wana mlezi mwenye uwezo, Mwenyekiti. Utawalipia."

"Nalipa siku zote."

"Hawa wengine nitawapeleka mjini. Majibu yatachukua muda, labda muhula mzima."

Mwalimu mkuu, aliyekuwa amekaa pembeni, akasema yeye hana amri ya kuwapokea bila mchango mpaka barua irudi. Jumatatu ndiyo siku ya kufungua shule. Watu wakaanza kunung'unika, na nikaona mzee anamtazama binti, na binti anaitazama barabara ya Bukoba.

"Bwana Mashine," mzee akaniita, safari hii bila kejeli. "Tumekuwa kitu kimoja au hatujawa?"

Kama ningemlipia mmoja angekataa. Kwa wote thelathini pamoja, na jina la kamati juu ya bahasha badala ya langu, hakuna ukoo ulioweza kukataa. Sikumwomba yeyote ushauri. Nilikwenda nyumbani, nikachukua hela niliyoiweka ya mkanda mpya wa mashine, nikamkabidhi mwalimu mkuu mbele ya dada wa ustawi, naye akaandika stakabadhi ya kamati. Jumatatu binti yule aliingia darasani akiwa na sketi mpya, ambayo mke wangu alininunulisha kwa nguvu. Mchango wa watoto thelathini na sketi moja: shilingi elfu kumi na sita mia mbili na hamsini.