Glasi Aliyoilipia Mzee Melchior

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtaa wa Rwezamenyo bado una ukungu, na Christella ameinamia mtungi wa chuma kama mtu anayechungulia kisima. Ananusa. Anachovya kijiko, anaonja, anatulia kidogo. Kisha anamtikisia kichwa mwenye pikipiki aliyeleta maziwa: sawa, shusha.

Lita thelathini. Anazimimina kwenye sufuria kubwa kupitia kitambaa cheupe, anapuliza mkaa, halafu anakaa kwenye kibao kusubiri yachemke. Kazi hii haimtaki mtu mwenye mawazo mengi. Ukigeuza uso tu, yamefurika na kuzima moto.

Ikifika saa moja, bar yake ya maziwa imejaa. Neno bar lisikutishe: ni chumba kimoja, mabenchi mawili, friji ya mtumba, na watu wanaokunywa maziwa kabla ya kwenda kazini. Eddie, dereva wa pikipiki ya abiria aliyekulia Uganda, anainua glasi yake kwenye mwanga wa mlangoni.

"Mama Mahoro, hii ya leo iko na maji," anasema, na wenzake wanaanza kucheka. "Hebu apa."

Kuapa kwenyewe huku kuna namna yake. Mtu aliyepewa ng'ombe huapa kwa jina la aliyempa. Husema "yampaye inka", yaani alinipa ng'ombe, kisha hulitaja jina. Asubuhi moja hapa utakisikia kiapo hicho mara ishirini, juu ya mpira, juu ya bei ya petroli, juu ya nani alimwona nani wapi.

Christella haapi. Anaichukua glasi ya Eddie, anapiga funda moja mbele yake, anaijaza tena mpaka ukingoni na kumrudishia.

"Kunywa, baba. Ulimi wako utakuambia."

Eddie anakunywa, anajifuta mdomo, anaanza utani mwingine. Hajui kwamba mwanamke huyu ana jina la kuapia, jina zuri kabisa, na kwamba tangu Juni hajalitamka.

Christella ana miaka arobaini na sita. Alizaliwa na kulelewa Bujumbura, wazazi wake wakiwa wakimbizi, na Kiswahili chake bado kina mwendo wa huko. Mumewe, Jean-Paul, alikuwa dereva wa lori. Alifariki miaka minane iliyopita, akamwachia binti mmoja, Mahoro, ambaye sasa yuko kidato cha mwisho.

Kwa miaka tisa mama huyu alichambua kahawa katika ghala moja la Gikondo. Walikaa wanawake arobaini na mmoja mbele ya meza ndefu, wakitoa punje nyeusi na zilizotobolewa na wadudu, kwa faranga elfu moja mia tano kwa siku. Machi mwaka juzi ikaletwa mashine inayochambua kwa jicho la taa. Wiki mbili baadaye wote arobaini na mmoja walikuwa barabarani.

"Siilaumu mashine," anasema. "Haina mtoto, haiumwi mgongo, haiombi ruhusa ya kwenda kuzika. Hata mimi ningekuwa tajiri ningeinunua."

Alitafuta kazi. Alipanda mpaka Kagugu, kwenye nyumba mpya zenye mageti ya juu, akiomba kufua. Katika nyumba moja alipokelewa vizuri, akakaribishwa kiti na chai. Mwenye nyumba, msichana wa miaka ishirini na kitu, akamwambia kwa upole kwamba hawezi kumtuma mtu wa umri wa mama yake. Heshima ile ilimrudisha nyumbani mikono mitupu. Alitembea kwa miguu, maana nauli aliyokuwa nayo ilikuwa ya kwenda tu.

Ndipo lilipomjia wazo la maziwa. Jirani yake alikuwa anahama na kuacha chumba cha mbele. Maziwa anayajua, amekua nayo. Alichokosa ni fedha ya kuanzia.

Sasa kitendawili. Nyumba yangu ina mlango mmoja, na ufunguo wake umefungiwa ndani. Usinipe mji, nitakutegulia mwenyewe: ni mkopo wa mtu asiye na kazi.

Alikwenda kwenye ofisi ya mikopo akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Wakamwomba hati ya mshahara. Hana. Wakamwomba hati ya kiwanja. Amepanga. Basi alete mdhamini mwenye mshahara. Aliowajua wote walikuwa wale arobaini wengine wa ghalani.

"Nikamwambia yule afisa, mwanangu, ningekuwa na mshahara ningefuata nini hapa? Akainamisha macho. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa chupa ya maji."

Kulikuwa na ikimina, kikundi chao cha kuweka akiba na kukopeshana. Kwa miaka sita walikuwa wamechanga kila Jumamosi, mwenye shida akikopeshwa na wasio na shida. Tatizo ni kwamba wote walikuwa wa ghala lile lile. Kazi ilipokwisha, iliwaishia wote siku moja, na hakukuwa na wa kumkopesha mwenzake. Wakagawana kilichobaki, faranga elfu ishirini na tatu kila mmoja, wakakumbatiana, wakaachana. Zake zilikwenda kwenye ada ya Mahoro.

Kilichobaki kilikuwa mtamba.

Hapa Christella anaacha kusugua sufuria. Anakaa. Anaivuta kanga yake mabegani ingawa jua limeshatoka.

Siku ya kumaliza matanga ya Jean-Paul, alikuja Mzee Melchior, mkulima wa Bugesera, rafiki wa mumewe tangu walipokuwa vijana Bujumbura. Nyuma yake alikuwa ameswaga ng'ombe mwenye mimba. Mbele ya watu wote akasema mtoto wa rafiki yake hatakosa maziwa. Ng'ombe akapelekwa kwa Nsabimana, ndugu wa Jean-Paul, ambaye naye anaishi Bugesera na ana malisho.

Anayepewa ng'ombe hujua bila kuambiwa kwamba ndama jike wa kwanza atamrudia aliyetoa. Si deni la kudaiwa. Ni jambo linalofanya nyumba mbili ziendelee kuitana ndugu.

Ndama wawili wa kwanza walikuwa madume, wakauzwa kwa matibabu na shule. Wa tatu alikuwa jike, mwekundu, mwenye doa jeupe usoni, na siku hiyo hiyo Nsabimana alimpigia Christella simu akicheka: wa Mzee amezaliwa. Christella akampelekea Melchior habari. Mzee akajibu amwache akue, yeye hana haraka.

Mwaka uliofuata ng'ombe mama akafa kwa homa ya kupe. Akabaki yule mtamba peke yake.

"Neno lake lile, kwamba hana haraka, ndilo nililolishika," anasema Christella. "Nikahesabu moyoni. Nimuuze sasa, nianze, baada ya miezi sita nimenunua mwingine kama yeye. Mzee hatajua hata doa limehama."

Akampigia shemeji yake. Akamwambia Mzee Melchior ameruhusu mtamba auzwe. Nsabimana hakuuliza mara mbili. Nani angesema uongo juu ya jambo kama hilo?

Mtamba aliuzwa mnadani kwa faranga laki tatu na elfu themanini. Friji ya mtumba ilichukua laki mbili na kumi. Pango la miezi miwili, elfu tisini. Mitungi miwili ya chuma, hamsini. Thelathini zilizobaki zikanunua glasi, sufuria na mabenchi. Siku ya kufungua, Christella aliwapa wateja kumi wa kwanza maziwa bure, na anasema mwenyewe hakuweza kunywa hata funda.

Miezi sita ikapita, ikawa kumi. Siku njema humwachia elfu tatu akishatoa maziwa, mkaa, umeme na pango. Lakini mwezi wa tatu friji ilikufa kwa siku nne, akamwaga lita sabini mtaroni, asubuhi, majirani wakitazama. Fundi akachukua alichokuwa ameweka.

Juni mwaka huu, Mzee Melchior alikuja bila kutuma habari. Mwanawe, Ganza, anaoa Agosti. Ukoo wa msichana umeomba ng'ombe wa mahari, na Mzee alikuwa amewaahidi mtamba mwekundu mwenye doa usoni. Alikuwa ameanzia kwa Nsabimana kumtazama.

Aliingia akiwa na fimbo yake na kofia mkononi. Wateja wawili wakampisha benchi. Christella akamletea glasi ya maziwa ya mgando, yale mazito ya juu.

"Nsabimana kaniambia mimi ndiye niliyeruhusu," akasema Mzee, kwa sauti ya chini ili wale wengine wasisikie.

Christella akaanza kufuta glasi iliyokuwa safi.

"Nikamwambia ndiyo, niliruhusu. Nilisahau tu, uzee."

Akanywa polepole mpaka mwisho. Akaifuta midomo yake kwa kitambaa. Kisha akauliza glasi moja ni bei gani.

Msomaji, mtu aliyekupa ng'ombe halipii maziwa kwako. Hata kama si wa kwenu, hata awe amekasirika. Ukiyachukua malipo yake, umemfanya mpita njia.

"Nilisema, baba, usinifanyie hivyo. Akaniuliza tena, glasi ni bei gani. Mara ya tatu nikamwambia mia nne. Akazihesabu juu ya benchi, sarafu nne. Akashukuru kama mteja. Akaondoka."

Hakumsema kwa mtu. Hakumpeleka kwa viongozi wa mtaa. Kwa ajili ya Ganza, inasemekana, alikopa ng'ombe kwa jirani, na katika umri wa miaka sabini na moja ameingia kwenye deni ambalo hakupaswa kuwa nalo. Harusi ilifanyika. Christella hakualikwa, na Nsabimana, aliyekwenda, alimpigia simu kumuuliza kwa nini hakumwona. Akajibu anaumwa.

Anapoulizwa kama anataka jina lake lifichwe gazetini, anatikisa kichwa.

"Andika lote. Shemeji yangu atasoma, au atasomewa. Nimeshindwa kumwambia kwa mdomo kwamba nilimdanganya. Na Mzee asibebe uongo wangu tena, amebeba ng'ombe inatosha."

Mpaka leo ameweka laki moja na elfu arobaini na sita. Mtamba mzuri sasa hauzwi chini ya laki nne na nusu. Mahoro anajua kila kitu, na amesema akimaliza shule ataacha chuo kwanza, atafute kazi yoyote, wamalize hilo. Mama hakukubali, hakukataa. Hilo ndilo, anasema, linalomwamsha kabla ya maziwa kufika.

Mpango wake ni Desemba mwakani, friji ikimwonea huruma. Hatamtuma Nsabimana. Atakwenda mwenyewe Bugesera, ataswaga mtamba kwa mkono wake mpaka uani kwa Mzee, mchana, watu wakiona.

Na Mzee akimkataa mtamba? Nje Eddie anapiga honi akiaga, glasi yake tupu ameiacha juu ya benchi na sarafu nne ndani. Christella anaziokota na kuzitumbukiza kwenye kopo la mauzo.

Juu ya friji kuna glasi nyingine, imegeuzwa juu chini. Chini yake zipo sarafu nne ambazo hazijawahi kuingia kwenye kopo, hata siku alipokosa nauli ya Mahoro.

"Akimkataa nitarudi kesho yake, na kesho kutwa," anasema hatimaye. "Akimpokea, nitamrudishia na hizi. Halafu nitaomba kitu kimoja. Aje hapa siku yoyote, akae pale alipokaa, anywe ashibe, ainuke aende zake bila kulipa."