Vigae Nilivyovisaga

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kusaga ushahidi. Chungu kikitoka motoni na ufa, nilikivunja kabla hakijapoa vizuri, nikatwanga vigae na kuchanganya unga wake kwenye udongo mpya. Wafinyanzi wengi hufanya hivyo ili udongo upate nguvu. Mimi nilifanya kwa aibu.

Nilijifunza mwenyewe hapa Nyololo, kwa kutazama video kwenye simu na kuharibu. Nilichoandika kuhusu kazi yangu kilikuwa sifa tupu, maneno ya kuweka chini ya picha za mabakuli machache yaliyopona. "Udongo unazungumza." Niliandika hivyo kweli.

Kisha dada mmoja mwenye duka la kazi za mikono Iringa mjini akakubali kuuza mabakuli yangu. Maduka ya Mbeya yalikuwa yameshanikataa yote. Baada ya muda akapiga simu.

"Mdogo wangu, bakuli lako limemwagia mteja mchuzi mapajani."

"Samahani, dada. Sijui imekuwaje."

"Hujui? Si umeandika udongo unazungumza? Basi uulize!"

Alicheka. Akasema hapokei mzigo mwingine mpaka nimweleze kwa maandishi kwa nini yanavuja, bila mapambo.

Nikakaa na karatasi, sina cha kuandika. Makosa yangu yote yalikuwa yamesagwa, yamo ndani ya kuta za vyungu vingine. Sikukumbuka ufa hata mmoja ulianzia wapi. Ikabidi nichome mabakuli mapya, yaliyopasuka niyaache yalivyo, niyageuze moja moja na kuandika ninachokiona huku mkono ukiwasha kuyavunja.

Ufa ulikuwa palepale kila mara, kwenye kitako. Hapo niliacha udongo mnene kwa kuogopa kutoboa, na kwa ukungu wa huku Mufindi ndani hapakauki. Unene ule nilikuwa nauita mtindo wangu. Nilipouandika ulisomeka kama woga. Hakuna ambaye angeniambia. Wanaopita hapa kwangu husema tu "pazuri hapa", kisha huenda zao.

Nilimtumia dada ukurasa ule. Akajibu kwamba umeeleweka, ila rafu ameshampa mtu mwingine, nilichelewa mno.

Siku hizi sivunji chungu kabla sijaandika kilichokiharibu. Vitako vya vyungu vyangu ni vyembamba zaidi. Vingi bado vinapasuka, na duka sina.