Simu ya bureau ilisema "Minembwe imekufa"

Leo nililiza chef wangu na maneno mbili tu.

Mi ni fundi wa réseau ya simu, hapa Baraka. Asubuhi nilipanga simu ya bureau, ofisi yetu: antene yetu moja ikizimika, simu inamupigia chef yenyewe.
Chef ni Mama Furaha.

Sauti ya kwenye simu ni ya Espérance, wa réception, mwenye kupokea bageni. Alirekodi: "Minembwe imekufa." Kwetu bafundi, ni kusema antene ya kule haina courant, umeme.

Saa sita, antene ya Minembwe, kule juu milimani, ikazimika kweli. Simu ikalia kwa Mama Furaha. Mi nikafurahi, kazi inatembea.

Kisha nikamukuta ameketi chini, analia. Kaka yake anaishi kule; alisikia kama ni bantu ba kule bamekufa.
"Ni nani alikufa?"
"Hakuna, Mama. Ni antene, batri imeisha."

Hakuniamini mpaka kaka yake alipopokea simu, kwa réseau ya kampuni ingine. Alikuwa na ng'ombe zake, mzima kabisa.

Tukarekodi upya. Mama Furaha akataka tuongeze: "Bantu bako salama."
"Mama, mashine haiwezi kujua ile."
"Basi iseme antene tu. Ya bantu nitauliza mwenyewe."

Wenye familia kule juu, ninyi mungependa simu iwaambie nini?